Kina cha Tatu

Juu ya ghala kuukuu, Kilindini, pana mlingoti,
na kichwani mwake vijiti sitini na vinne vya kusikilizia.
Kazungu alivifunga mwenyewe,
akateremka akinung'unika kuwa kutu ya huku
hula bolti kabla wino wa risiti haujakauka.

Kazi yangu ni swali moja:
mawimbi yakitoka kwenye simu ya mtu, ng'ambo ya Likoni,
hadi yatue hapa,
yamepitia wapi?
Kuna chuma cha winchi. Kuna makontena yaliyopangwa ghorofa tano.
Kuna kuta za matumbawe zinywazo sauti.
Na hewa haina alama za barabarani.

Basi hutumwa kwanza ubeti wa rubani,
ubeti usio na habari yoyote ndani yake:

*Natuma nikijuacho, nawe wakijua pia,*
*Kije kimepinda hicho, kosa ni la yake njia,*
*Hesabu kipunguacho, na kile kilozidia,*
*Ndipo ujue kilicho, kati kilotuingia.*

Ndiyo elimu yote. Kilichobaki ni jasho.

Mwanzoni niliyatandaza niliyoyasikia
katika jedwali bapa, safu na mistari, kama mkeka.
Jedwali la namna hiyo ni shahidi wa kulipwa:
uligawe hivi, linakubali;
uligawe vile, linaapa.
Usiku kucha nililikata,
na kila mkato ulikuja na ukweli wake wa uongo.

Darasa la saba, mwalimu Shekuwe, chaki sikioni,
alisema shairi lisilo kina ni guni.
Nikauliza: kina kipi,
cha kusikika au cha kuzama?
Nilitolewa nje.
Lilikuwa swali zuri.

Kwa kuwa mkeka wangu ulikosa kina.
Nikaushusha chini: vijiti upande huu,
masafa upande huu,
na nyakati, papo baada ya papo,
zikiteremka kama vidato vya kisima.
Mkeka ukawa sanduku la namba,
na sanduku likaachana lenyewe, namna moja tu,
halikutaka kushawishiwa.
Pakabaki kubishania nani atajwe kwanza
na nani apaze sauti kiasi gani,
ugomvi wa nyumba yoyote.

Njia nne.
Ya kwanza imenyooka, haina kisa.
Ya pili imegonga ghala la chai, ikachelewa kama mgeni wa heshima.
Ya tatu ni winchi; huyumba kila inyanyuapo mzigo.
Ya nne ilinisumbua.
Ilitoka upande wa maji. Masafa yake hupanda kidogo,
hushuka kidogo,
hutoweka,
kisha hurudi bila kuomba radhi.
Kazungu akasema ni saa ya mtambo imelewa.
Nikafuta. Nikapiga hesabu upya.
Ikarudi.

Saa kumi na mbili kasorobo, alfajiri inapauka,
shangazi yangu Bi Mwanamize akapiga simu.
Nyumba yake Likoni imezibwa na jengo jipya;
mlingoti wetu hauioni hata ukisimamia vidole.
Alitaka kujua kama nimekula,
na mbona simu yake husema dakika chache tu
kisha ikafa, ikafufuka, ikafa.
Halafu akaingia kwenye habari za watu.

Nikatazama kioo cha kompyuta.
Njia ya kwanza: kimya. Ya pili: kimya.
Ya nne inawaka.
Sauti yake ilikuwa imepanda feri,
imegonga ubavu wa chuma, ikanirukia mimi,
pasi na nauli, kama waendao kwa miguu.

Nikataka kumwambia. Nikafungua mdomo.
Feri ikageuka kutafuta gati,
ubavu ukaenda zake,
na yeye akakatika katikati ya jina.

Mpaka leo sijui
ni nani aliyerudishwa kwao.